Ndege Inasukuma Nini?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa jioni moja hapa Unguja, mbele ya wanafunzi wa sayansi wa sekondari, walimu wao na wazazi waliowasindikiza. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na majaribio tuliyoyafanya mezani, kwa ajili ya wale waliokosa.

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wetu. Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kunipa jioni hii. Na nyinyi wanangu mliojaa mbele na madaftari yenu, kwa hakika nimekuja kwa ajili yenu, basi naanza na nyinyi.

Kitendawili!

(Wakaitika: "Tega!")

Ndege imesimama juu ya mkanda. Mkanda wenyewe ni mrefu na mpana sawasawa na njia ya kurukia ya kiwanja chetu cha Kisauni. Rubani anatia moto, ndege inaanza kwenda mbele. Palepale mkanda nao unaanza kurudi nyuma. Kadiri ndege inavyokwenda mbele, mkanda unarudi nyuma kwa kasi hiyohiyo: ndege ikifika kilomita 50 kwa saa, mkanda unarudi kwa 50, ndege ikifika 100, mkanda nao 100. Upepo hakuna, hata jani halitikisiki. Je, ndege hii itaruka, au haitaruka?

Mkishindwa mtanipa mji. Lakini kwanza mikono juu. Wanaosema itaruka? Naona mikono saba, minane. Wanaosema haitaruka? Mashaallah, karibu ukumbi mzima, na walimu wawili wamo.

Wewe kijana wa shati jeupe, hebu tueleze.

(Akasimama, akasema: "Ni kama mtu anayekimbia kwenye mashine ya mazoezi. Anatoka jasho lakini yuko palepale. Ndege kama iko palepale, hewa haipiti juu ya mabawa yake, na bila hewa kupita haiwezi kuinuka.")

Asante, kaa mwanangu. Naomba msimcheke, kwa sababu nusu ya jibu lake ni sahihi kabisa, na ndiyo nusu ngumu. Ndege huinuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Bawa lisipopata hewa ya kutosha, ndege haiondoki ardhini hata injini ikinguruma mpaka kesho. Hilo amelijua bila kuambiwa. Kosa liko kwenye nusu ya kwanza, pale alipoichukua ndege akaigeuza mtu anayekimbia.

Na mimi nilianza na jibu hilohilo. Nilipoulizwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshasoma fizikia chuoni, na nikashikilia haitaruka kwa siku mbili nzima. Nilichora mishale, nikaandika milinganyo, kila kitu kikakubaliana nami, kwa sababu mshale wa kwanza kabisa niliuchora mahali pasipo pake. Hesabu haina uwezo wa kumkanya mtu aliyeanza na picha mbovu. Inamfuata tu huko anakokwenda.

Sasa tuache maneno, tuje mezani.

Mnaona hapa nina plastiki ya mezani, ile ya kununua kwa mita sokoni, nimeitandaza kwenye meza tatu zilizounganishwa. Nilitaka kutumia kanga lakini kanga inajikunja, magurudumu yanakwama kwenye mikunjo. Juu ya plastiki nimeweka magari mawili. Hili la kwanza ni la betri, magurudumu yake ya nyuma yanazungushwa na mota ndogo. La pili ni la bati, mafundi wetu wa mtaani wanayatengeneza kwa makopo, halina mota wala betri, magurudumu yanazunguka ovyo. Nimelijaza kokoto ili liwe zito kidogo, lina kama nusu kilo. Mbele yake nimefunga uzi, na uzi umefungwa kwenye mizani ya springi ya maabara, na mizani imefungwa kwenye msumari wa ukutani.

Naomba watu wawili wavute plastiki polepole kuelekea mlangoni. Na mimi naliwasha gari la betri, linatazama ukutani.

(Gari la betri lilikwenda mbele kidogo, kisha plastiki ilipoongezwa kasi likabaki mahali pamoja, magurudumu yakizunguka. Wanafunzi wakapiga makofi, kwani ndicho walichokitabiri.)

Hilo ndilo gari la kijana wetu, na hapo ana haki. Gari hili linasukuma nini ili liende? Linaisukuma plastiki. Tairi linaikamata plastiki, linaisukuma nyuma, na plastiki inalisukuma gari mbele. Ndivyo lilivyo gari la kweli barabarani, ndivyo ilivyo baiskeli, ndivyo ilivyo miguu yetu. Anayekimbia kwenye mashine ya mazoezi anaisukuma mashine kwa nyayo zake. Ukikiondoa kile unachokisukuma, safari yako umeiondoa.

Sasa tuzime hilo, tutazame la bati. Uzi umelishika kwa mbele. Vuteni tena. Wewe binti, njoo karibu uisome sindano ya mizani kwa sauti.

("Iko kwenye sifuri… imesogea kidogo. Haijafika mstari wa kwanza.")

Vuteni haraka zaidi. Haraka! Kimbieni nayo!

("Iko palepale. Haijapanda.")

Rudia, wa nyuma hawajasikia.

("Haijapanda!")

Plastiki imepita chini ya gari kwa kasi mara mbili, mara tatu, na gari halikuvutwa nyuma kwa nguvu zaidi ya pale mwanzo. Magurudumu yalizunguka kama yana wazimu, basi. Kazi ya gurudumu lisiloshikwa na chochote ni hiyo: kukata habari kati ya kilicho chini na kilicho juu. Chini wanakimbia, juu hawana taarifa. Kilichobaki ni msuguano mdogo wa beringi na wa tairi linalobonyea kila linapogusa chini, na msuguano huo hauongezeki sana kwa sababu tu gurudumu linazunguka upesi.

Magurudumu ya ndege yako kundi gani? Yako kundi la gari la bati. Hakuna mota inayoyazungusha wakati wa kuruka. Ni ya kubebea mzigo, kama ya mkokoteni. Injini ya ndege iko juu, inachukua hewa na kuitupa nyuma, ama kwa rafadha (pangaboi) kama ndege ndogo za kwenda Pemba, ama kwa jeti. Hewa inatupwa nyuma, ndege inakwenda mbele. Mkanda uko chini, haukuitwa kwenye mazungumzo hayo.

Picha iliyonitoa mimi kwenye ubishi wangu ni hii. Mchukueni mchukuzi wa bandarini na mkokoteni wake. Mkokoteni uko juu ya mkanda unaorudi nyuma. Lakini mchukuzi hakupanda juu ya mkanda. Yeye amesimama pembeni, miguu yake imekanyaga zege, anausukuma mkokoteni huku anatembea. Je, atashindwa kuufikisha? Hata kidogo. Magurudumu yatazunguka mara mbili ya kawaida, atahisi uzito kidogo mikononi, na atafika. Injini ya ndege ndiyo mchukuzi huyo, ila yeye nyayo zake zimekanyaga hewa.

Basi jibu: ndege itaruka. Itatumia njia ndefu kidogo tu kuliko kawaida, na magurudumu yake yatakuwa yanazunguka kwa kasi mara mbili ya ile ya ndege. Mji hamjanipa, nimejijibu mwenyewe.

Naona mzee mmoja ameinua mkono kule nyuma. Karibu mzee.

(Mzee, aliyejitambulisha kuwa ni mvuvi, alisema: "Mwalimu, nakusikiliza lakini moyo wangu unakataa. Mimi nina mashua ya mashine. Mkondo ukiwa mkali, unaweza kutia moto wote ukaona ule mnazi wa pwani uko palepale, hausogei. Rafadha inazunguka na huendi popote. Vipi ndege iwe tofauti?")

Mzee wangu, umeuliza jambo zuri kuliko nilivyotayarisha. Mashua yako inasukuma nini? Inasukuma maji. Na kinachorudi nyuma ni kitu gani? Ni maji hayohayo. Kile unachokisukuma ndicho kinachokimbia, kwa hiyo mkondo ukilingana na kasi yako, mnazi hausogei. Sasa tafuta mkondo wa ndege. Ndege inasukuma hewa, basi mkondo wake ni upepo. Upepo ukivuma, hapo rubani anahangaika hasa kama wewe, isipokuwa yeye anautaka umjie usoni, kwa sababu bawa linahesabu hewa inayolipitia, halihesabu minazi.

Kiwanja chetu kinalionesha hili waziwazi. Mkipita pale mtaona kwenye ncha za njia ya kurukia kumeandikwa namba kubwa nyeupe, 18 upande mmoja na 36 upande mwingine. Hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: 180 ni kusini, 360 ni kaskazini. Njia imelazwa kusini na kaskazini, na sisi tunajua pepo zetu ni zipi. Kusi inapovuma ndege hurukia kuelekea kusini, inaikabili. Kaskazi ikija, zinageuka. Anayeishi chini ya njia ya ndege hahitaji kalenda kujua msimu umebadilika.

Na mtoto yeyote aliyerusha tiara pale Mnazi Mmoja ameshaijaribu sayansi hii. Tiara haina safari, mwenyewe amesimama ameshika uzi, na bado iko juu, kwa sababu hewa inaipitia. Ndege ndogo zilizoegeshwa viwanjani hufungwa kamba na kushikizwa ardhini kwa sababu hiyohiyo. Upepo mkali wa kutosha unaweza kuiinua ndege ambayo haina rubani wala injini haijawashwa. Kasi ya ardhini ni sifuri, na bawa halijali.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna siku moja katika historia ambayo ingetosha kulimaliza suala hili lote. Ni tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kitty Hawk, North Carolina, kule Marekani. Ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, wameleta chombo chao. Chombo kile hakikuwa na magurudumu. Kilikaa juu ya kigari kidogo kilichoteleza kwenye reli ya mbao ya mita 18 hivi. Orville alilala kifudifudi juu ya bawa la chini, Wilbur akakimbia pembeni akiwa ameshika ncha ya bawa ili kisiyumbe. Upepo ulikuwa unawajia usoni, zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Chombo kikapaa, kigari kikabaki chini. Kilikaa hewani sekunde 12, kikapita juu ya mchanga kiasi cha mita 36 na nusu.

Fanyeni hesabu. Mita 36 na nusu kwa sekunde 12 ni kama mita 3 kwa sekunde, ni kilomita 11 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia taratibu, na ndiyo maana Wilbur aliweza kwenda nacho sambamba. Hakuna ndege inayoinuka kwa kilomita 11 kwa saa. Iliyowainua ni hizo 11 pamoja na ule upepo wote uliokuwa unakuja. Ukimwuliza mchanga wa Kitty Hawk, atasema chombo kilikuwa kinajikokota. Ukimwuliza bawa, atasema kilikuwa kinakimbia. Bawa ndilo lililokuwa linabeba mzigo.

Ndiyo sababu pia njia kuu ya kurukia ya Nairobi ina zaidi ya kilomita 4, wakati ya Dar es Salaam ina kilomita 3. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Bawa linadai kasi kubwa zaidi ili lipate hewa ileile, na injini nayo inapumua kwa shida. Lami ni lami, Nairobi na Dar, lakini hewa si moja.

Kitendawili hiki kimeshajaribiwa kwa ndege ya kweli. Mwaka 2008, tarehe 30 Januari, kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters kilionesha ndege ndogo nyepesi imewekwa juu ya turubali refu, na gari likalivuta turubali kwa nyuma huku rubani anatia moto. Rubani mwenyewe kabla ya jaribio aliamini kwamba ndege yake haitaondoka. Ikaondoka, ikapaa, turubali linavutwa chini yake. Nawaambia hili wanangu ili msione aibu kwa mikono mliyoinua. Mtu anaweza kurusha ndege kila siku, mikono yake inajua, na akili yake bado ikakopa picha ya gari.

Hata wasomi wakubwa wameteleza palepale. Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mtaalamu wa roketi, kwamba hajui hata fizikia ya shule: roketi iende vipi kwenye utupu, pasipo hewa, pasipo kitu cha kusukuma? Jibu ni kwamba roketi inasukuma moshi wake yenyewe. Inabeba ndani yake kitu cha kukitupa nyuma. Gazeti likaja kusahihisha tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini. Wao walisahau kwamba kuna cha kusukuma pale walipodhani hakuna. Sisi tunadhani ndege inasukuma kile isichokisukuma. Swali lililorukwa ni moja: kinachosukumwa ni nini?

Sasa nije kwa wale ambao bado hawajanikubali. Najua mpo, na mna hoja. Mtaniambia: mwalimu, wewe umesema mkanda unafuata kasi ya ndege. Sisi tunasema mkanda ufuate kasi ya magurudumu, yaani gurudumu likizunguka kwa kiasi chochote, mkanda urudi kwa kiasi hichohicho.

Hapo kitendawili kimebadilika, na ni haki tukijibu kwa uangalifu. Kasi ya gurudumu juu ya mkanda ni kasi ya ndege ukijumlisha kasi ya mkanda. Ukisema kasi ya mkanda ni sawa na kasi ya gurudumu, basi umesema kasi ya ndege ni sifuri. Hujauliza kama ndege itasogea, umeshaamuru isisogee. Kilichobaki ni kuuliza: mkanda utafanya kazi gani ili amri hiyo itimie?

Na upo mlango mmoja. Nilisema gurudumu linakata habari. Halikati zote. Ukilizungusha kwa kasi ileile halilalamiki, lakini ukiwa unaongeza kasi yake kila wakati, linapinga, kwa sababu lina uzito na kila chenye uzito hakipendi kubadilishwa mwendo. Kupinga huko kunaifikia ndege kupitia ekseli, kunaivuta nyuma. Basi mkanda unaweza kuishika ndege ikiwa hauachi kuongeza kasi.

Kwa kiasi gani? Chukueni ndege ya watu wanne kama Cessna 172, ambayo ina uzito wa kama kilo 1,100 ikiwa imejaa na huinua pua ikikaribia kilomita 100 kwa saa. Kwa hesabu nyepesi tuseme rafadha yake inavuta kwa nyutoni 2,000 (nyutoni ni kipimo cha nguvu, na uzito wa kilo moja ni kama nyutoni 10). Msuguano wa kawaida wa magurudumu kwenye lami ni kama sehemu 2 kwa 100 za uzito, yaani nyutoni 200 na kidogo, moja ya kumi tu ya mvuto wa rafadha. Hiyo haishiki ndege. Tuseme tena magurudumu yote matatu yana kilo 30 na yamejazwa sawasawa kama sahani ya chuma. Kwa gurudumu la namna hiyo, kani, yaani nguvu, inayofika kwenye ekseli ni nusu ya uzito wake kwa kilo, mara mchapuko wa mkanda, yaani kasi unayoiongeza kila sekunde. Ili nusu ya 30, ambayo ni 15, izidishwe mpaka ifike 2,000, mkanda unahitaji kuongeza mita 133 kwa sekunde katika kila sekunde.

Andikeni namba hizo. Baada ya sekunde moja mkanda unakwenda kilomita 480 kwa saa. Baada ya sekunde 3 umepita 1,400, umeshaiacha sauti nyuma. Na rubani hajafanya lolote, ametia moto tu na kusubiri. Muda mfupi baadaye hakuna tairi tena. Kwenye karatasi ndege imeshikwa. Kwenye dunia hii tunayoishi, magurudumu yamepasuka na ndege imekaa kwa tumbo juu ya mkanda, na aliyesema haitaruka ameshinda kwa njia hiyo.

Tena niseme ukweli wote: hata katika kitendawili changu cha mwanzo, tairi zina neno lao. Ndege kubwa ya abiria kama Boeing 737 huinua pua kwenye kilomita 260 kwa saa hivi. Juu ya mkanda wangu magurudumu yake yatazunguka kwa 520. Tairi nyingi za ndege za namna hiyo zimepimwa kwa kilomita 360 tu kwa saa. Kwa hiyo kama mtu ataniletea 737 na mkanda, nitamwomba kwanza abadilishe tairi.

Kuna sakafu zinazotembea ambazo zina maana kubwa kwa ndege, msije mkatoka hapa mkidhani sakafu haina kazi kabisa. Meli ya kubebea ndege huelekezwa kwenye upepo ikaongezwa mwendo kabla ndege hazijaruka wala kutua. Agosti 1917 rubani Mwingereza Edwin Dunning aliitua ndege yake kwenye meli ya HMS Furious ikiwa safarini, wa kwanza kutua kwenye meli inayokwenda. Mwendo wa meli na upepo vilipojumlishwa vilikaribia kasi ya ndege yenyewe, kwa hiyo ukiwa umesimama melini ungeiona ndege inaning'inia juu yako, na wenzake waliikamata kwa mikono na kuivuta chini. Siku tano baada ya hapo alijaribu tena, ndege ikaanguka baharini, akafa. Tofauti ya meli na mkanda ni kwamba meli inaibeba ndege nzima kuipitisha kwenye hewa. Mkanda unapita chini ya magurudumu na kwenda zake.

Na kuna ndege zisizo na magurudumu ya kukata habari. Wazee wa wazee wetu waliziona. Kuanzia mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, kubwa, za injini nne, zilitua Kisumu kwenye ziwa, zikaja Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuteremka hadi Durban. Tumbo la ndege lilikuwa ndani ya maji kama mashua. Hapo kilicho chini kinashika kwa nguvu, kinatia ubishi mpaka tumbo lipande juu ya maji na kuanza kuteleza. Marubani wa ndege hizo wanajua kwamba maji yaliyotulia kama kioo ni magumu kuliko yenye mawimbi madogo, kwa sababu yanalishika tumbo na kuling'ang'ania. Mzee wangu mvuvi, ungeendesha ndege hiyo ungehesabu mikondo miwili, wa maji na wa hewa, na sidhani kama ungeshindwa.

Nina nafasi ya swali moja. Wewe binti uliyesoma mizani.

("Mwalimu, na kama rubani ameshika breki?")

Unajibu wewe. Chukua plasta kwenye boksi la huduma ya kwanza, ubandike magurudumu ya gari la bati yasizunguke. Yote manne. Vizuri. Rudisha uzi. Vuteni plastiki, polepole kama mwanzo. Soma.

("Inapanda… moja… mbili… nyutoni mbili na nusu!")

Vuteni haraka.

("Mbili na nusu. Inatetemeka, lakini ni mbili na nusu.")

Sasa kata uzi.

(Akaukata kwa mkasi. Gari likaondoka na plastiki hadi mlangoni, likaanguka, kokoto zikatawanyika sakafuni, na watoto wa mstari wa mbele wakainama kuziokota.)